Acha Kura Iamue: Niliyoyapata Maabara kwa Kuchekwa

Wiki iliyopita makala yetu kuhusu mbolea ya maji na ukuaji wa miche ya maharage ilikubaliwa na jarida tulilokuwa tukilitamani. Mniwie radhi, leo nitajisifu kidogo. Mmoja wa wahakiki aliandika kwamba hana swali lolote juu ya kundi linganishi, yaani miche isiyopewa mbolea ambayo ile ya mbolea hulinganishwa nayo, na aliyewahi kupita mikononi mwa wahakiki anajua kwamba sifa ya namna hiyo haitolewi ovyo. Tangu habari hizo zitoke nimepokea ujumbe mwingi kutoka kwenu mnaoandaa majaribio yenu, karibu wote ukiuliza siri ni ipi. Siri hakuna, ila kuna kisa.

Nilipoanza kazi ya maabara nilikuwa mdogo kuliko wote. Mkuu wetu alitaka kujua kama mbolea fulani inakuza miche. Mpango wake ulikuwa rahisi: vikopo vya mbolea vikae rafu ya chini, visivyo na mbolea rafu ya juu, ili matone ya mbolea yasidondokee visivyohusika. Sababu ilikuwa ya maana, lakini rafu ya chini ilikuwa na kiza. Nikauliza: ikiwa miche ya chini itarefuka, tutajuaje ni mbolea wala si rafu? Tena nikapendekeza tupige kura ili kila kikopo kipangiwe mahali pake bila mtu kuchagua.

Wakacheka. Mmoja akaniita "Bwana Kura", na jina likanganda.

Jaribio likafanyika vilevile walivyopanga. Miche ya mbolea ikarefuka ajabu, watu wakapongezana. Mimi nikaomba nafasi ndogo nirudie. Nikaandika namba kwenye vikaratasi, nikavitikisa ndani ya bakuli, nikaokota kimoja kimoja, kila rafu ikapata mchanganyiko wa vikopo. Na badala ya kupima urefu peke yake, nikapima pia uzito mkavu: unang'oa mche, unaosha mizizi, unaukausha kwenye oveni, ndipo unaupima. Ile tofauti kubwa ikanywea. Mche uliokosa mwanga huutafuta kwa kurefuka. Shina linakuwa jembamba na kupauka, na mwenye rula anashangilia. Mpaka leo hakuna aliyeniomba radhi, na sitasema haliniumi.

Kwa hiyo, wadogo zangu, jambo la kwanza: badilisha kitu kimoja tu. Hicho ndicho kigeu huru. Utakachopima ndicho kigeu tegemezi, nacho ukichague kabla hujaanza, si baada ya kuona kipi kimependeza. Mengine yote yafanane katika makundi yote mawili. Hapa wengi hujikwaa kwenye kundi linganishi, wakidhani ni kundi la kuachwa bila kuguswa. Ukiwapa mbolea ya maji hawa, wale wape maji kiasi kilekile, saa ileile, bila mbolea. Usipofanya hivyo umebadilisha mbolea na maji kwa pamoja, na jibu lako halina mwenyewe.

Mwaka 1747 James Lind, daktari wa meli ya Uingereza, aliwachukua mabaharia 12 wenye kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C. Aliwachagua waliofanana hali kadiri alivyoweza, akawalaza mahali pamoja, akawalisha chakula kimoja, kisha akawagawa wawili wawili: hawa siki, hawa maji ya bahari, wengine machungwa na malimau, na kadhalika. Waliokula matunda walipata nafuu haraka kuliko wote. Alichapisha matokeo mwaka 1753, lakini jeshi la maji lilikuja kuagiza maji ya malimau yatolewe melini mwaka 1795. Nikikumbuka hilo, kuchekwa kwangu kunakuwa jambo dogo. Hata hivyo watu wawili kwa kila kundi ni wachache mno, na ugawaji ulitoka kichwani mwake mwenyewe.

Ndiyo maana nasisitiza kura, na nitaendelea kusisitiza. Mkono wa binadamu una upendeleo hata usipokusudia. Utajikuta umeweka mche wenye afya upande unaoutakia ushindi. Jaribio la dawa ya streptomaisini dhidi ya kifua kikuu, lililochapishwa Uingereza mwaka 1948, liliwagawa wagonjwa kwa namba za nasibu, yaani zinazotokea kwa bahati kama kura, na mgawo ukafichwa ndani ya bahasha zilizofungwa, ili daktari anayempokea mgonjwa asijue anaangukia wapi. Ikiwa madaktari wale hawakujiamini, wewe unajiamini nini?

Na anayepima asijue anapima kundi lipi. Pale Ujerumani palikuwa na farasi aliyeitwa Clever Hans, aliyejibu hesabu kwa kugonga kwato. Mwaka 1907 mwanasaikolojia Oskar Pfungst alionyesha kwamba muulizaji asipojua jibu, au farasi asipomwona, hesabu zinamshinda. Farasi alikuwa akisoma miili ya watu, nao hawakujua kama wanampa ishara. Vikopo vyako vipe namba tupu, orodha akae nayo mtu mwingine. Acheni uvivu, hii haigharimu kitu.

Mmoja wenu ameniandikia kwa furaha kwamba ana vipimo 60. Nilipouliza, ana miche sita na amepima majani kumi kwa kila mche. Ndugu yangu, una sampuli sita. Majani ya mche mmoja yanakula mizizi ileile na mwanga uleule. Idadi ya sampuli ina maana kubwa: mwanatakwimu Ronald Fisher, kwenye kitabu chake cha mwaka 1935, alieleza jaribio la bibi aliyedai kwamba akionja chai anatambua kama maziwa yalitangulia kikombeni au chai. Vikombe vilikuwa nane, vinne vya kila aina. Anayebahatisha ana nafasi moja kati ya 70 ya kuvitambua vyote. Vingekuwa sita, vitatu kwa vitatu, nafasi hiyo ingekuwa moja kati ya 20. Hesabu ya aina hiyo ipige kabla hujaotesha mbegu hata moja, na ukiona miche haitoshi, ongeza miche, usiongeze majani.