Maswali ya wasomaji: kuvuka mpaka Sirari, Mutukula na Ziwa Victoria

Maswali ya safari hii yametoka Mwanza, Ukerewe na Bukoba. Nimeyafupisha, lakini hoja za waulizaji sijazigusa.

Nilipokwenda Kenya kwa basi kupitia Sirari, hatukusimama upande wetu kabisa. Pasipoti yangu iligongwa mihuri yote miwili Isebania. Je, Tanzania imeacha kulinda mpaka wake? (Msomaji, Nyegezi)

Haijaacha, imewahamishia maofisa wake ng'ambo. Sirari na Isebania, kama ilivyo Mutukula kwa upande wa Uganda na Rusumo kwa upande wa Rwanda, ni vituo vya huduma kwa pamoja, ambako msafiri hupita kituo cha nchi anayotoka bila kusimama, kisha akahudumiwa na maofisa wa nchi zote mbili ndani ya jengo la nchi anayoingia. Ofisa wetu wa Uhamiaji anaketi Isebania, na mwenzake wa Kenya anaketi Sirari kuwasubiri wanaokuja huku. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 kuhusu vituo hivyo inampa ofisa mamlaka ya kutekeleza sheria za nchi yake akiwa katika eneo maalumu la udhibiti lililo kwenye ardhi ya jirani. Taratibu za kutoka hukamilishwa kwanza, ndipo zile za kuingia zianze, ili isitokee nchi mbili zikamshughulikia mtu mmoja kwa wakati mmoja, kila moja kwa sheria zake.

Kwa maoni yangu, majengo ndiyo yaliyokuwa rahisi. Rusumo ilizinduliwa Aprili 2016 na Mutukula Novemba 2017, marais wakakata utepe, picha zikapigwa. Kazi isiyopigwa picha ni ya kuifanya idara ya nchi moja, iwe ya forodha, afya, viwango au mimea, iikubali karatasi iliyotolewa na idara ya nchi nyingine bila kuanza ukaguzi upya, na maswali mengi ninayopokea yanatokana na kazi hiyo kutokamilika.

Mkenya mmoja aliniambia kwamba wao huingia Uganda kwa kitambulisho cha taifa. Kadi yangu ya NIDA itanivusha Mutukula? (Msomaji, Bukoba)

Haitakuvusha. Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana kutumia vitambulisho tangu mwaka 2014. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, iliacha jambo hilo kwa hiari ya kila nchi, na Tanzania haikujiunga na mpango huo. Chukua pasipoti, au hati ya dharura ya safari kutoka Uhamiaji, pamoja na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Kwa itifaki hiyo hiyo, raia wa Jumuiya hupewa kibali cha kukaa hadi miezi sita bila kulipia viza, lakini kibali hicho ni cha kutembea, si cha kuajiriwa.

Nanunua dagaa Mwaloni Kirumba na kuuza Isebania, magunia machache kila safari. Naambiwa bidhaa za Afrika Mashariki hazitozwi ushuru, mbona bado nalipishwa huku na kule? (Msomaji, Ilemela)

Uliloambiwa ni kweli, ila ni nusu ya habari. Umoja wa Forodha, ulioanza kazi Januari 2005, uliondoa ushuru wa forodha kwa bidhaa zenye asili ya nchi wanachama, na kwa mfanyabiashara mdogo ukawekwa utaratibu rahisi: mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, ukiwa na bidhaa zilizomo katika orodha iliyokubaliwa, hupewa cheti rahisi cha uasili wa bidhaa palepale mpakani, bila malipo na bila kulazimika kuwa na wakala wa forodha. Anayekuambia kwamba huwezi kupita bila wakala, huku mzigo wako ukitimiza masharti hayo, anatafuta riziki yake mfukoni mwako.

Lakini msamaha huo ni wa ushuru wa forodha peke yake. Haufuti mrabaha wa mazao ya uvuvi unaotozwa hapa nyumbani, kibali cha kusafirisha samaki nje, wala cheti cha afya cha mazao hayo. Kila kimoja kina ofisi yake, na Jumuiya haijavioanisha vibali hivyo. Ushauri wangu ni kwamba vibali vya uvuvi uvikamilishe Mwanza kabla ya gari kuondoka, udai stakabadhi ya kila shilingi, na usikubali mzigo wako uandikwe kwa jina la mtu mwingine ili "uwahi", kwa sababu cheti cha uasili kikiwa cha mwingine, mzigo nao huwa wa mwingine siku ya ugomvi.

Jinsi karatasi inavyoweza kuushinda mkataba ilionekana Machi 2021, Kenya ilipozuia mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Ushuru haukuwa umebadilika hata senti moja, na kituo kilikuwa kilekile, ila malori yalisimama. Siku chache baadaye zuio liliondolewa kwa masharti, mojawapo likiwa cheti cha kuonyesha kwamba aflatoksini, aina ya sumukuvu, haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Sipingi masharti ya afya, kwani sumukuvu inaua. Ninachokipinga ni nchi mbili zenye maabara kukutana getini, wakati zingeweza kukubaliana mapema vipimo vya nani vinaaminika.

Ukizuka tena ugonjwa kama Marburg, mipaka itafungwa? (Msomaji, Bukoba)

Marburg ilipothibitishwa Kagera Machi 2023, kilichoongezwa vituoni ni upimaji wa joto la mwili na kuulizwa mtu ametoka wapi. Mwaka 2020, wakati wa korona, madereva wa malori walikwama kwa siku nyingi kwa sababu majibu ya kipimo ya nchi moja hayakutambuliwa na nyingine, hadi Jumuiya ilipoanzisha mfumo wa kielektroniki wa kufuatilia madereva na kuonyeshana majibu. Tatizo lilikuwa lile lile la dagaa na mahindi.

Sisi wavuvi wa Ukerewe hukamatwa tukaambiwa tumeingia Uganda. Majini hakuna boya wala ukuta, tutajuaje? (Msomaji, Ukerewe)

Mpaka wetu ziwani upande wa kaskazini ni mstari mnyoofu: latitudo ya digrii 1 kusini, ile ile inayopita Mutukula, iliyotokana na makubaliano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1890. Simu yenye GPS inaonyesha namba hiyo hata pasipo mtandao. Ikisomeka digrii 1 na dakika kadhaa kusini, au zaidi, uko Tanzania. Ikishuka chini ya digrii 1, umevuka. Acha nafasi ya kutosha, kwa kuwa upepo husukuma mtumbwi na nyavu wakati mmelala.

Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, lililoundwa kwa mkataba wa mwaka 1994 na lenye makao Jinja, huoanisha kanuni za nyavu na ukubwa wa samaki miongoni mwa nchi tatu, lakini halitoi leseni ya kuvua ziwa zima. Leseni yako inaishia kwenye mstari. Mkikamatwa, BMU (kikundi cha wavuvi cha kusimamia rasilimali za uvuvi) ya mwalo wenu ipeleke taarifa kwa ofisa uvuvi wa wilaya siku hiyo hiyo, ikiwa na namba ya usajili wa mtumbwi, risiti ya injini na usomaji wa GPS wa mahali mlipokuwa. Bila hivyo, ofisa wa upande wetu hana cha kumwonyesha mwenzake anapoomba injini irudishwe.