Muulize Mjomba: Tetra wangu wanakufa

SWALI: Shikamoo Mjomba. Nilinunua neoni tetra sita, wale samaki wadogo wa mapambo, Dar es Salaam, nikawatia siku hiyohiyo kwenye tangi jipya la kioo, la lita 60. Maji ni ya kisima cha nyumbani, na chini nimepanga makombe na vipande vya matumbawe kutoka ufukwe wa Raskazone. Wiki haikuisha, wanne wamekufa. Wawili waliobaki wanajificha, na usiku mstari wao wa buluu unapotea. Ni ugonjwa? Niongeze wengine?
Msomaji, Chumbageni, Tanga

JIBU: Marahaba, mpwa wangu, na pole. Usiongeze hata mmoja kwa sasa.

La usiku lisikutie hofu. Buluu ile ni mwanga unaogonga fuwele ndogo sana ndani ya ngozi na kurudi. Gizani mstari hufifia, na asubuhi hurejea. Ukibaki umefifia mchana kutwa, hapo samaki ana hofu au anaumwa.

Tatizo ni maji. Makombe na matumbawe yatoe leo, tafadhali. Tetra hawa asili yao ni vijito vya Amazon ya juu, huko Peru, Kolombia na Brazili, kwenye maji laini (yasiyo na chokaa nyingi), yenye uchachu kidogo, meusi kwa majani yaliyooza. Sisi Tanga tumekalia chokaa. Mapango ya Amboni yenyewe yamechimbwa na maji ndani ya mwamba huo. Basi maji ya kisima huja na chokaa yake, na makombe yanazidi kuongeza. Jiwe lolote unalotaka kulitia tangini, lidondoshee siki kwanza. Likitoa povu, libaki nje.

Masika ikifika, kinga maji ya mvua (mvua ya kwanza iache ioshe bati) uyachanganye nusu kwa nusu na ya kisima. Kisima kikiwa na chumvi, kiache kabisa, tumia ya bomba yaliyolala usiku mzima huku pampu ya hewa ikitoa mapovu ndani yake, klorini itoke.

La pili, tangi lako lilikuwa changa mno. Kinyesi na masalia ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria huigeuza kuwa nitriti, sumu nyingine, kisha nitrati, ambayo haina ukali huo. Bakteria hao huhitaji wiki 4 hadi 6 kutosha, na wengi hukaa kwenye sponji ya chujio. Sponji ikichafuka, ikamue ndani ya maji uliyoyatoa tangini, usiioshe bombani. Hao wawili walishe kidogo sana, na kila baada ya siku mbili badilisha robo ya maji, taratibu.

Hita huihitaji. Kaskazi ndiyo ya kuogopa: maji yakipita nyuzi 28, hewa hupungua ndani yake. Fungua kifuniko, elekeza feni juu ya maji.

Tangi likikomaa, leta wanane kwa pamoja. Wakiwa kumi wataogelea katikati ya tangi bila kujificha. Na kama maji laini yatakushinda, chukua samaki aitwaye gapi, chokaa kwake si taabu.