Yubile, jubilei, na kikoba cha miaka mitatu

Swali: "Shikamoo mwalimu. Biblia yangu imeandika yubile, majirani zangu Wakatoliki wanasema jubilei, alafu kuna mhubiri anatuambia mwaka wa yubile ndio ufunguo wa unabii wote. Lipi ni sahihi, na huo mwaka ni wa 49 au wa 50?" Msomaji, Morogoro.

Marahaba mwanangu. Umeuliza kistaarabu na nitakujibu, ila nivumilie maana umenigusa kwenye kidonda, hili neno lina watu wamelitesa mpaka naliona huruma.

Tumalize asili haraka. Kwa Kiebrania ni yovel, pembe ya kondoo dume, ile ile iliyopigwa wakati kuta za Yeriko zinaanguka. Walawi 25 inasema siku ya upatanisho, mwezi wa saba tarehe kumi, pembe ipigwe nchi nzima, basi mwaka wenyewe ukaitwa kwa jina la pembe. Walatini walipolichukua likagongana na neno lao la kupiga kelele za furaha, na ndo hapo shangwe ilipoingilia. Sisi wala tusishangae, maana mbiu nayo ilikuwa pembe kabla haijawa tangazo, mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, na waliotafsiri Biblia ya Union ya 1952 walilijua hilo vizuri ndio maana wakaandika "kupiga mbiu". Hapo nawavulia kofia.

Wao waliandika yubile. Wakatoliki wameshika jubilei. Yote mawili ni Kiswahili, mimi sina ugomvi na herufi moja. Ugomvi wangu uko kwingine kabisa.

Juzi nimeletewa kadi, nzuri, ina maua ya dhahabu pembeni, imeandikwa JUBILEI YA MIAKA MITATU YA KIKOBA CHETU, mchango elfu hamsini kwa kichwa, sare kitenge cha zambarau. Miaka mitatu! Mtoto wa miaka mitatu hata chekechea hajaanza. Nikaisoma mara ya pili nikidhani wameruka tarakimu, hawajaruka. Nikampigia katibu, nikamwambia mama, jubilei inataka miaka ishirini na tano kwenda juu, hamsini ndo yenyewe, akanijibu "mwalimu wewe nawe, si sherehe tu?"

Si sherehe tu mama! Hebu tusome kwanza kinachotakiwa kutokea. Mwaka wa yubile kila aliyeuza shamba la ukoo kwa shida anarudishiwa, na Mwebrania aliyejiuza kwa umaskini anatoka na watoto wake anarudi kwao, na nchi yenyewe inapumzika, hakuna kupanda. Yaani hata bei ya shamba ilipangwa kwa kuangalia imebaki miaka mingapi mpaka yubile, ikibaki mingi bei inapanda ikibaki michache inashuka, kwa sababu ulichonunua ni mavuno, ardhi yenyewe ni ya Mungu. Ni kama kukodi tu. Nyumba ndani ya mji wenye ukuta ndo ilikuwa tofauti, usipoikomboa ndani ya mwaka mmoja imekwenda moja kwa moja. Sasa niambie, kwenye kikoba chetu ni nani amerudishiwa nini? Mama mmoja pale nyuma ya soko friji yake wameibeba mwezi wa pili kwa sababu ya marejesho, na mwezi huu huu wanamdai elfu hamsini ya jubilei. Jubilei inayobeba friji! Musa angevunja mbao nyingine.

Najua mtasema Waingereza ndo walioanza kulichezea, na kweli Malkia Victoria alifanya ya dhahabu 1887 na ya almasi 1897, miaka sitini ya kiti. Aga Khan III, kiongozi wa Waismailia, naye mwaka 1946 akapimwa kwa almasi, Bombay kwanza alafu Dar es Salaam mwezi wa nane, ndo maana mpaka leo tuna ukumbi wa Diamond Jubilee pale Upanga ambao kila mtu anauita Diamond tu na vijana wengine wanadhani ni wa yule mwanamuziki. Na Papa Bonifasi VIII alipotangaza jubilei ya kwanza ya Kikristo mwaka 1300 alitaka iwe kila miaka mia, waliomfuata wakapunguza hamsini, mwisho ikatua ishirini na tano, na ndo tumepata ya 2000 na ya 2025. Kwa hiyo neno limeshushwa ngazi, nakubali, ila limeshushwa na watu wakubwa, taratibu, kwa karne. Kikoba kimelirusha kutoka ghorofani.

Chini ya miaka 25 sema kumbukumbu ya mwaka wa tatu, sema maadhimisho, sema tunatimiza miaka mitatu karibuni pilau. Hakuna atakayekataa kuja.

Haya, unabii. Namba kwanza: saba mara saba ni 49, na wa 50 ndio yubile, hilo andiko liko wazi. Marabi, walimu wa dini wa Kiyahudi, walichobishania ni huo wa 50 unasimama peke yake au unahesabika pia kama wa kwanza wa saba nyingine, Rabi Yehuda alisema unahesabika, wenzake wakakataa. Unaona ni kitu kidogo, sasa mpelekee mhubiri wako. Yeye anachukua Mwanzo 6, miaka 120 ya mwanadamu, anazidisha kwa 50 anapata 6000 na mwisho wa dunia. Akihesabu kwa Rabi Yehuda anazidisha kwa 49, anapata 5880. Tofauti miaka 120.

Wengine wanaruka miaka hamsini hamsini, wanakuja na 1917 Waingereza kuingia Yerusalemu, 1967 Israeli kuuchukua mji wa kale, 2017 Trump kuutambua kama mji mkuu. Inavutia, sikatai. Ila ukiwauliza 1867 wanakuletea Charles Warren, Mwingereza aliyekuja kuchimbua chini ya Yerusalemu. Wakikosa vita, hata mchimbaji anatosha! Na Wayahudi wenyewe hawaishiki yubile, kwa sababu andiko linataka wakazi wote wawepo nchini, na tangu Ashuru iwahamishe makabila ya ng'ambo ya Yordani marabi wanasema haijatimia tena. Wanachoshika ni mwaka wa saba tu, wa kupumzisha ardhi, wa karibuni ulikuwa 2021 hadi 2022.

Mimi kama mtu wa lugha naiona yubile ya unabii kwenye neno, kalenda nawaachia wengine. Isaya 61 inatangaza uhuru kwa mateka kwa neno lile lile la Kiebrania la Walawi 25, dror, alafu inataja "mwaka wa Bwana uliokubaliwa", na kwenye Luka 4 Yesu anasimama Nazareti anasoma hapo hapo na kusema leo limetimia. Danieli 9 nayo ina majuma 70, ndio miaka 490, ndio yubile kumi za 49, na wale wa Qumran, Wayahudi wa kale walioishi karibu na Bahari ya Chumvi, waliandika habari za Melkizedeki kutokea yubile ya kumi. Hapo hata ukitaka kubishana una kitu mkononi.

Kwa hiyo wewe andika yubile ukiwa kwenye Biblia, jubilei ukiwa kwa padre, utakuwa sawa.

Kuhusu kadi, elfu hamsini nimetoa, kitenge mke wangu ameshashona. Ila kufuta madeni kuko Kumbukumbu la Torati 15, kila mwaka wa saba, na kikoba kina mitatu. Bado minne. Naitunza kadi kwenye droo.