Anti, niache ufinyanzi mpaka watoto wakue?

*Shikamoo Anti. Ni mama wa watoto wawili, wa kiume ana miaka mitano, wa kike mwaka na miezi miwili. Tunaishi Pasua, Moshi. Ufinyanzi nilifundishwa na bibi mzaa mama kule Usangi, nikajiongezea ujuzi mjini. Sasa natengeneza vikombe, bakuli na sahani hapa barazani, na kuchoma nakodi joko la umeme. Mwezi Machi loji moja iliniagiza vikombe 120, niwape mwisho wa Mei kabla ya msimu wa wageni. Nilikubali bila kuchukua hata senti ya kianzio. Kikombe nauza 6,000. Mvua haikatiki, vikombe havikauki, nalala saa nane usiku. Wiki iliyopita mwanangu alipanda rafu akitafuta mpira, rafu ikaanguka na vikombe zaidi ya 30. Nilimpiga, Anti. Nilimpiga mpaka jirani akaja kunishika mkono. Tangu siku hiyo akiniona na udongo anajificha. Mume wangu ni dereva wa watalii, anasema niachane na "hiyo michezo" mpaka watoto wakue. Mama mkwe anasema wanawake wa zamani walifinyanga na watoto mgongoni, mimi sijui kujipanga. Niache?*

*Mama wawili, Pasua*

Marahaba mwanangu, na pole sana. Usiache. Lakini kabla hatujagusa biashara, tumalize la mtoto, maana hilo ndilo linalokunyima usingizi hata ukishanawa mikono.

Mwombe msamaha. Najua wengi tumelelewa tukiamini kwamba mzazi akimwomba mtoto msamaha anajishushia heshima. Mimi sikubaliani na hilo hata kidogo. Chuchumaa uwe usawa wake, mwambie: "Mama alikosea kukupiga. Sitakupiga tena hivyo." Usiongeze "lakini na wewe ulipanda rafu", maana ukiongeza hilo atasikia hilo tu. Halafu chukua vile vikombe vilivyovunjika. Kwa kuwa havikuwa vimechomwa, udongo wake haujapotea. Kilichopotea ni kazi yako. Weka ndoo ya maji katikati yenu, mwache atumbukize vipande kimoja kimoja. Ataona vinatoa mapovu, vinameguka, vinarudi kuwa tope. Atakachojifunza hapo ni kwamba anaruhusiwa kuwa karibu na udongo na karibu na wewe. Vipande msivipondeponde vikiwa vikavu, nitakueleza sababu.

Na siku ukihisi mkono unapanda tena, acha ulichoshika, mkabidhi mdogo kwa mtu, toka nje. Huyo jirani aliyekushika mkono nenda kamshukuru, na mwombe ruhusa ya kumgongea mlango siku kama hiyo. Ipo pia namba 116, ya bure, ya mambo ya watoto. Hata mzazi anaweza kuipiga.

Kuhusu mama mkwe sina maneno mengi. Ni kweli Upareni ufinyanzi ulikuwa kazi ya wanawake, na vyungu vyao viliuzwa mpaka kwa Wachaga. Lakini bibi yako hakuwa na meneja wa loji anayempigia simu. Msikilize mkweo kwa heshima, usimjibu, endelea na mpango wako.

Sasa kazi. Ulipokea oda ya vikombe 120 kana kwamba huna watoto. Ulihesabu siku za kalenda, hukuhesabu saa ambazo mikono yako iko huru kweli, na ndiyo maana unazitafuta usiku wa manane. Mtoto wa mwaka mmoja anahitaji mtu mzima macho yote. Kama mtu huyo si wewe, basi ni mtu anayelipwa, na malipo yake yanatakiwa yatoke ndani ya bei ya kikombe. Udongo unaulipia. Joko unalilipia. Mlezi wa mtoto naye ni gharama ya kikombe kama hizo nyingine. Hilo ndilo ninalotaka ulishike kuliko yote nitakayokuambia.

Chukua daftari. Andika udongo, rangi, kodi ya joko, bodaboda ya kupeleka na kurudisha, maboksi na magazeti ya kufungia. Halafu andika saa zako bila kujionea aibu: kukanda, kufinyanga, kuchonga kitako, kubandika mkono wa kikombe, kulainisha, kuchoma mara ya kwanza, kupaka glezi (ule unga unaochanganywa na maji, ukichomwa unakuwa kama kioo juu ya kikombe), kuchoma mara ya pili. Andika na vile vinavyopasuka, maana ukifinyanga 120 hupati 120. Kisha andika mlezi, awe dada wa kazi, kituo cha kulelea watoto au mama wa jirani unayempa chochote kwa asubuhi tatu za wiki. Vikombe 120 kwa 6,000 ni shilingi 720,000, kwa miezi miwili ya kukesha. Toa gharama zote hizo, kinachobaki kigawe kwa saa zako. Naogopa utakuta anayefua nguo kwa kibarua anakuzidi. Kama ni hivyo, oda ijayo bei ipande. Oda hii mlishakubaliana, heshimu neno lako.

Asubuhi hizo tatu zigawe kwa akili, kwa sababu kazi ya udongo haifanani yote. Kufinyanga na kubandika mikono ni kazi ya majimaji. Unaweza kuifanya mwanao mkubwa akiwa pembeni na donge lake mwenyewe. Tena udongo unasubiri. Ukifunika kikombe kwa nailoni vizuri, mtoto akipandwa na homa unakiacha, na kesho kutwa unakikuta bado kinakubali kuchongwa. Masika kama haya nailoni inakusaidia mara mbili: mkono wa kikombe ni mwembamba, hukauka kabla ya mwili, ndipo pale pa kuungia panafanya ufa. Funika unyevu usawazike, halafu fungua kidogo kidogo. Kabla ya kupeleka jokoni, kiguse kikombe kwa shavu. Kikiwa cha baridi, ndani bado kuna maji. Joto likifika nyuzi 100 maji hayo yanakuwa mvuke, na kikombe kinalipuka na kuvunja hata vya wenzio mliochangia joko. Bora uchelewe wiki.

Kazi za vumbi na za glezi ni habari nyingine, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Kupiga msasa vikombe vikavu, kuponda udongo mkavu, kuchanganya unga wa glezi: watoto wasiwepo kabisa. Vumbi la udongo lina silika, madini yale yale yaliyomo kwenye mchanga. Chembe zake ni ndogo mno, hubaki hewani muda mrefu baada ya wewe kudhani pametulia, na zikiingia mapafuni miaka na miaka huleta silikosisi, ugonjwa usio na tiba. Wachimbaji wa Mererani wanaujua. Wewe hulivuti kwa wingi kama wao, lakini mwanao anatambaa kwenye hiyo sakafu. Kwa hiyo usifagie baraza. Futa kwa dekio lenye maji. Lainisha vikombe kwa sponji mbichi badala ya msasa. Eproni ibaki kazini. Usimnyonyeshe mtoto nayo ikiwa na vumbi kifuani, na usiifue pamoja na nguo zake.

Glezi nunua ile tu ambayo muuzaji anaweza kukuonyesha kwa maandishi kwamba haina madini ya risasi na inafaa kwa vyombo vya chakula, uichome kwa joto lililoandikwa. Risasi inaharibu ubongo wa mtoto hata ikiwa kidogo. Usipime glezi kwa kijiko cha jikoni, na ndoo zake ziwe na mifuniko ya kubana, mahali penye kufuli.

Hapo ndipo anapoingia baba watoto. Neno "michezo" limekuumiza, mwambie hivyo kwa utulivu, siku amerudi na amelala vizuri. Kisha mfungulie daftari. Yeye anawapeleka wageni kwenye loji hizo hizo, anajua kahawa ya asubuhi mezani inaletwa kwenye kikombe cha nani. Usimwombe "anisaidie", maana hilo kila mtu anaitikia na hakuna kinachofanyika. Mwombe vitu viwili. Cha kwanza, fundi seremala aje azibe upande mmoja wa baraza kwa mbao na wavu, mlango uwe na komeo la juu, na rafu zifungwe ukutani kwa skrubu. Rafu inayoangukia mtoto wa miaka mitano ingeweza kutupa msiba, mwanangu. Vikombe ni kitu kidogo sana hapo. Cha pili, akubali mshahara wa mlezi uingie kwenye bajeti ya nyumba kuanzia sasa, kwa sababu kuanzia Juni mpaka Oktoba yeye atakuwa porini na wewe utabaki peke yako.

Mikopo ya halmashauri isiyo na riba ipo kwa vikundi. Imetengewa asilimia 10 ya mapato ya ndani, na 4 kati ya hizo ni za wanawake. Ofisi ya maendeleo ya jamii kwenye kata yako itakuelekeza. Ila usikope kabla bei yako haijakaa sawa. Ukikopa ukiwa unauza kwa hasara, utazalisha hasara nyingi zaidi.

Sasa meneja wa loji. Usimkimbie wala usizime simu. Watu wa hoteli wanachukia kushtukizwa kuliko kucheleweshewa. Mwandikie hivi: "Habari za kazi. Kwa sababu ya mvua vikombe vinakauka polepole, na sitaki kukuletea vyenye nyufa. Nitaleta 40 mwisho wa Mei, 40 katikati ya Juni na 40 mwisho wa Juni. Naomba nusu ya malipo ya vile 40 vya kwanza sasa, nilipie joko. Nakutumia lipa namba." Akikubali, hizo hela mlipe nazo mlezi pia. Akikataa, mwambie kwa adabu kwamba unachoweza kwa Mei ni 40 tu, achague. Na huo ujumbe utume leo, kabla hujakanda udongo mwingine.