Mlio wa ghafla katika sikio moja si uchafu uliobaki

SWALI: Daktari, wiki tatu zilizopita sikio langu la kulia liliuma sana, kisha likatoa usaha. Nilimaliza dozi ya vidonge na maumivu yakaisha. Siku tano zilizopita niliamka na mlio mkali kama wa filimbi katika sikio hilohilo, na nahisi limeziba. Kila ninayemuuliza ananiambia ni uchafu uliobaki. Nimetia haidrojeni peroksaidi, nikatia mafuta ya kitunguu saumu, na sasa nimeuziwa matone ya gentamaisini. Usiku silali. Niendelee na matone au nisubiri liishe lenyewe?

JIBU: Usiendelee na matone, na usisubiri. Yaache leo hii, na kesho asubuhi uwe kwa daktari wa masikio, pua na koo, au popote palipo na mashine ya kupima usikivu. Pole sana kwa kukosa usingizi, nitalifikia hilo. Lakini la haraka hapa ni kujua kama usikivu wako umeshuka, na tatizo liko sehemu gani ya sikio.

Hili la "uchafu uliobaki" ndilo linalonikera kuliko yote, kwa sababu linawapotezea watu siku ambazo hazirudi. Mlio hautoki kwenye usaha wala nta. Sauti zinazofika kwenye ubongo kutoka sikio hilo zimepungua, nao ubongo unajiongezea usikivu ili kufidia upungufu. Ukishajiongezea, unaanza kusikia hata shughuli ya kawaida ya neva ya kusikia, ambayo siku nyingine zote huipuuza. Kwa hiyo mlio wenyewe si kitu cha kuoshwa kikatoka. Cha kutafutwa ni kilichopunguza sauti.

Baada ya maambukizi, mara nyingi ni maji yaliyobaki nyuma ya kiwambo cha sikio, kwa sababu mrija unaounganisha sikio la kati na nyuma ya pua bado umevimba. Maji hayo huweza kukaa wiki kadhaa, hata miezi mitatu, kisha mengi hukauka yenyewe na mlio hupungua nayo. Kurudia antibayotiki hakuyakaushi. Mtu mzima akibaki na maji upande mmoja tu kupita muda huo, lazima achunguzwe nyuma ya pua kwa kamera, maana uvimbe unaoota pale unaweza kuziba mrija.

Jambo la pili ni la hatari zaidi: sikio la ndani limeguswa. Hapa watu hudanganyika, kwa kuwa sikio la ndani likipoteza usikivu ghafla nalo huhisi limeziba, vilevile kabisa kama lenye nta au maji. Mgonjwa anasema "limeziba tu", anauziwa matone ya kulainisha nta, anapewa wiki ya antibayotiki, na akifika kwetu muda wa tiba umekwisha. Tunasema usikivu umepotea ghafla unaposhuka kwa desibeli 30 au zaidi kwenye masafa (viwango vya sauti, toka nzito hadi nyembamba) matatu yanayofuatana, ndani ya saa 72. Tiba yake ni steroidi, yaani dawa kali za kutuliza uvimbe, za kumeza au za kuchomwa kupitia kiwambo, na hufaa zaidi zikianza siku za mwanzo, ndani ya wiki mbili. Wewe uko siku ya tano.

Ukiwa nyumbani, funga mdomo na ugune "mmm" kwa sauti nzito, ukisikiliza mguno unaegemea sikio lipi. Ukivuma zaidi upande wa kulia, ulio mgonjwa, yaelekea tatizo liko sikio la kati. Ukihamia kushoto, upande usio na ugonjwa, yaelekea ni sikio la ndani, na hapo usingoje hata kesho. Ukibaki katikati, haujakuambia kitu. Jaribio hili halichukui nafasi ya kipimo. Daktari atalirudia kwa chuma cha sauti cha hezi 512, ataangalia kiwambo, na atakuandikia kipimo cha usikivu pamoja na kile cha shinikizo la sikio la kati, isipokuwa kama kiwambo bado kina tundu.

Na tundu ndilo linalofanya matone yako yanitie hofu. Maumivu makali yanayotulia mara usaha unapotoka kwa kawaida humaanisha kiwambo kimetoboka. Unachodondosha sasa kinaweza kupita hadi sikio la kati, na kutoka hapo kuna utando mwembamba tu hadi sikio la ndani. Gentamaisini na neomaisini zikivuka huua chembe zenye vinyweleo zinazopokea sauti, na kwa binadamu chembe hizo hazioti tena. Peroksaidi huchoma na huleta kizunguzungu. Mafuta hayana kazi yoyote mle. Panapohitajika matone kwenye kiwambo kilichotoboka, tunatumia siprofloksasini au ofloksasini, tena usaha ukiwa bado unatoka, si kwa ajili ya mlio.

Usiku usilale kwenye kimya. Washa feni au rekodi ya mvua, sauti ikiwa chini kidogo ya mlio wenyewe. Ukiufunika kabisa, ubongo haupati nafasi ya kuuzoea. Usizibe sikio kwa pamba ili kuukwepa, utausikia zaidi. Unapooga tu ndipo uweke pamba yenye mafuta mazito, maji yasiingie.

Sasa nawaambia wote wanaosoma hapa. Hakuna kidonge cha "kusafisha mishipa ya sikio". Ginko (dawa ya majani ya mti) na zinki zinauzwa sana kwa ajili ya mlio, na mwongozo wa madaktari wa masikio wa Marekani wa mwaka 2014 unashauri zisitumike. Mshumaa wa sikio haunyonyi chochote. Ule unga unaoonyeshwa baada ya kuuwasha ni nta ya mshumaa wenyewe, na tumeona masikio yaliyoungua. Wala msijinunulie steroidi kwa sababu nimezitaja: hupandisha sukari na shinikizo la damu, na huchochea vidonda vya tumbo. Mlio wa upande mmoja usiokoma, hasa usikivu ukitofautiana kati ya masikio, huhitaji picha ya MRI kuangalia neva ya kusikia. Unaodunda sambamba na mapigo ya moyo nao uchunguzwe. Uso ukipinda, kizunguzungu kikali kikianza, au nyuma ya sikio pakivimba pamoja na homa, hiyo ni dharura ya saa hiyohiyo.

Kesho nenda na chupa zote ulizotumia, hata zilizoisha. Jina la dawa iliyomo na siku uliyoianza vinamsaidia daktari kujua kama mlio ulitangulia matone au ulikuja baada yake.