Begi moja kubwa au kila mtu na lake?
Dada, umeuliza kama familia ibebe begi moja kubwa siku ya bustani ya michezo au kila mtu achukue lake. Mimi nasema mawili madogo ya mgongoni, basi. Begi kubwa humwangukia mtu mmoja (unamjua ni nani), na bembea nyingi za kasi hupandi nalo, kwa hiyo mmoja wenu atabaki chini akililinda. Simu na funguo ziwe kwenye mfuko wenye zipu. Nguo za mtoto za kubadilisha zitie kwenye mfuko wa plastiki. Huohuo utarudi na zilizolowa. Kigari cha mtoto msikiache, hata kama ana miaka 4. Jioni kitabeba mabegi, au yeye mwenyewe.