Kesheni, lakini pandeni: maswali ya wasomaji kuhusu kuja kwa Bwana

Barua za mwezi huu zimetoka Dodoma mjini na vijiji vya jirani, na nyingi zinauliza jambo moja: tumngojeje Bwana? Jopo letu la walimu wa Biblia limejibu tano, na la sita kwa ufupi.

Mhubiri katuambia tusipande

"Bwana Yesu asifiwe. Huku kwetu amepita mhubiri anayesema Bwana anarudi kabla ya Pasaka. Kuna watu wameacha kuandaa mashamba, na jirani yangu anatafuta mteja wa shamba lake la zabibu ili atoe sadaka. Mimi nilitaka kuongeza miche. Nikipanda, si nitakuwa nimekosa imani?" (Mkulima, Hombolo)

Asifiwe sana, ndugu yetu. Panda, tena usichelewe. Mathayo 24:36 inasema siku ile na saa ile hakuna aijuaye, hata malaika, wala Mwana, ila Baba peke yake. Mitume nao walipouliza baada ya ufufuo waliambiwa si kazi yao kujua nyakati wala majira (Matendo 1:7). Anayetaja Pasaka anadai kupewa kile walichonyimwa mitume.

Hesabu hizi ni za zamani, na mkulima huwa wa kwanza kuumia. Mwanzoni mwa karne ya 3, Hippolytus wa Roma aliandika habari za kiongozi wa kanisa kule Ponto aliyeota ndoto, akawatangazia watu hukumu ndani ya mwaka mmoja. Waliacha mashamba, wakauza mali. Mwaka ukaisha, wakabaki kuombaomba. Wafuasi wa William Miller huko Marekani waliingoja tarehe 22 Oktoba 1844, na wengine hawakuvuna mazao yao. Harold Camping, mhubiri wa redio wa Marekani, alitangaza 21 Mei 2011, ikapita, akasogeza hadi 21 Oktoba, ikapita pia. Mwaka uliofuata alikiri kwamba alikosea, lakini waliokuwa wametumia akiba zao kutangaza tarehe hiyo hawakurudishiwa kitu na ungamo hilo.

Kwetu hasara inazidi ya wenzetu wenye vuli na masika. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, kama Desemba hadi Machi au Aprili. Asiyepanda mtama au alizeti humo hana pa kufidia mpaka Desemba nyingine. Pasaka itamkuta shamba ni majani matupu na ghala limefagiliwa. Shamba la mizabibu likiuzwa ndiyo basi tena, kwa sababu miche mipya inataka kama miaka miwili ndipo itoe mavuno ya maana.

Jirani yako mshike kabla hajasaini. Mwiteni mhubiri mbele ya wazee wawili au watatu mumuulize: fedha ya shamba inaingia kwenye akaunti ya nani? Yeye ameuza nini cha kwake? Pasaka ikipita, yuko tayari kuandika sasa hivi kwamba atarudisha? Halafu msomeeni Kumbukumbu la Torati 18:22, juu ya nabii ambaye neno lake halitimii. Mke wa jirani naye awepo. Kama nyumba ya ndoa imo kwenye mauzo hayo, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu iuzwe bila ridhaa ya mwenzi, na hata pasipo nyumba si busara kuuza shamba linalolisha familia kwa neno la mtu mmoja.

Wathesalonike nao walikuwa na watu walioacha kazi. Paulo aliwaagiza wafanye kazi kwa utulivu na kula chakula chao wenyewe (2 Wathesalonike 3:12). Na kwenye mfano wa mafungu ya fedha, bwana anaondoka akiacha agizo moja tu: "Fanyeni biashara hata nitakapokuja" (Luka 19:13). Miche yako imo humo.

Mafuta ya wanawali yanauzwa?

"Tunauziwa chupa ndogo za mafuta, tunaambiwa ndiyo mafuta ya wale wanawali watano wenye busara. Kama siyo, basi mafuta ni nini, na mimi nitayapataje?" (Mama wa watoto wanne, Chang'ombe)

Mama, usinunue. Wale watano wapumbavu walipoomba wagawiwe walikosa, maana yake ni kitu ambacho hakiazimwi saa ya dharura. Chupa inaazimwa hata na jirani. Wapo wanaofundisha kwamba mafuta ni Roho Mtakatifu, wengine imani, wengine matendo mema. Yesu hakufafanua, nasi hatutagombana juu yake.

Mstari unaorukwa ni wa 5 wa Mathayo 25. Bwana arusi alipokawia, wote kumi walisinzia wakalala, hata wenye busara. Tofauti ilikuwa imeshawekwa kabla ya usingizi, pale watano walipobeba mafuta ya ziada katika vyombo vyao. Kwa hiyo uliza habari ya akiba, na akiba huwekwa mchana, mambo yakiwa shwari.

Kwa mtu mwenye nyumba na kibanda cha biashara tunashauri hivi. Asubuhi dakika 15 kabla ya kushika simu: sura moja ya Injili kwa mpangilio, usiokote mistari, kisha sala ya kutaja watu kwa majina. Halafu jioni moja kwa wiki, Jumamosi inafaa, kaa nusu saa na daftari. Luka 21:34 inataja vitu vitatu vinavyoelemea moyo: ulafi, ulevi na masumbufu ya maisha haya. Hicho cha tatu ndicho kinachowaangusha watu wasioonja pombe. Rejesho la kikoba, ada ya Januari, kiwanja ambacho hakijaisha kulipiwa: andika kila kimoja, na mbele yake hatua moja ya wiki hii.

Ukurasa wa pili ni wa majina. Uliyemkosea, anayekudai, usiyesalimiana naye. Chagua jina moja, umtafute kabla ya Jumatano. Wengi hukwama hapa kwa sababu wanaanza na majina kumi, wanachoka wiki ya pili, na daftari linageuka la mahesabu ya nyanya. Moja linatosha. Deni lisilolipika leo, nenda ukaseme utalipa kiasi gani na siku gani, hata kama ni shilingi 5,000 kwa wiki. Anayepita uchochoro wa nyuma kila siku ili mwenye duka asimwone hajawa tayari kumwona Bwana.

Mkesha wetu umejaa usingizi

"Tunakesha kila Ijumaa, saa 3 usiku hadi saa 11 alfajiri. Kuanzia saa 9 nusu ya watu wanasinzia. Kiongozi anasema ni pepo la usingizi. Jumamosi vijana wa bodaboda wanaingia barabarani hivyo hivyo." (Katibu wa kikundi cha maombi, Kizota)

Ni mwili, katibu. Kati ya saa 9 usiku na saa 11 alfajiri usingizi humlemea kila mtu, mlokole na mlinzi wa getini sawasawa. Gethsemane Yesu aliwakuta wanafunzi wamelala mara tatu. Alisema roho i radhi lakini mwili ni dhaifu. Hakukemea pepo lolote.

Mkesha wa wote ufanyeni mara moja kwa mwezi. Ijumaa nyingine gaweni zamu. Marko 13:35 inautaja usiku kwa vipindi vinne, na kila kimoja kilikuwa cha saa tatu: saa 12 jioni hadi 3, saa 3 hadi 6, saa 6 hadi 9, saa 9 hadi 12 asubuhi. Mkiwa wanane, wawili wawili, kila jozi inaomba zamu moja nyumbani. Usiku wote unaombewa na kila mtu analala.

Siku ya mkesha wenyewe, mafundisho yaishe kabla ya saa 6. Baada ya hapo simameni, mwimbe, mwombe kwa sauti kwa vipindi vya dakika 20. Ugali wa kushiba saa 2 usiku ndio huwalaza watu, basi kuleni mapema na kidogo. Mwendesha bodaboda asiguse pikipiki kabla hajalala walau kwa muda wa saa tano. Na Juni na Julai, baridi ya upepo wetu inapowauma, msiingize jiko la mkaa ukumbini na kufunga madirisha. Hewa ya sumu ya mkaa haina harufu, na mtu hufa akidhaniwa amesinzia.

Naogopa kuachwa

"Nikiamka usiku nikakuta chumba kimya na mwenzangu hayupo, moyo unaruka: unyakuo umepita? Dhambi ile ile nimeitubu mara nyingi sana." (Mwanafunzi wa chuo, Dodoma)

Binti yetu, Paulo aliandika 1 Wathesalonike 4 kuwafariji waliofiwa, akafunga kwa kusema farijianeni kwa maneno hayo. Ujue pia kwamba makanisa hayafanani hapa. Wapentekoste wengi hufundisha unyakuo, yaani waumini kuchukuliwa kumlaki Bwana, kabla ya dhiki kuu ya siku za mwisho, ilhali Wakatoliki, Waanglikana na Walutheri kwa kawaida hawafundishi unyakuo wa siri. Wote wanakiri kwamba Bwana atarudi.

Dhambi iliyoungamwa imesamehewa (1 Yohana 1:9), usiifukue kila usiku. Kama unairudia, mwambie mama mmoja wa kanisa unayemwamini, si kundi la simu. Video za siku za mwisho zifunge saa mbili kabla ya kulala, usome Zaburi 4:8. Hofu ikipita wiki mbili na huli wala husomi, nenda hospitali. Hata wakikuelekeza Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, jina lisikutishe. Watu wanatibiwa pale na kurudi darasani.

Namba ya NIDA ndiyo alama ya mnyama? (Msomaji, Bahi)

Hapana. Alama ya Ufunuo 13 inakwenda pamoja na kumsujudu mnyama, na 14:9 inarudia hivyo. Kitambulisho cha taifa hakikudai usujudu. Kachukue chako.

Kufunga bila maji mlimani

"Vijana wetu wanataka kupanda mlimani Oktoba, siku saba bila chakula wala maji, wakingoja kufunuliwa kuja kwa Bwana. Nikiwazuia wanasema nimepoa." (Mzee wa kanisa, Kongwa)

Shikamoo mzee. Wazuie. Oktoba ni jua kali na hewa kavu, na bila maji figo zinaweza kuanza kushindwa ndani ya siku chache. Kule Shakahola, Kilifi nchini Kenya, mwaka 2023 ilianza kufukuliwa miili iliyopita 400, ya watu walioambiwa wafunge ili wakutane na Yesu.

Wape kitu cha kufanya badala yake: siku tatu, mlo mmoja jioni, maji lita 2 hadi 3 kwa siku, wakae kivulini. Wajawazito, wanaonyonyesha, wenye kisukari au vidonda vya tumbo, wanaomeza dawa za kifua kikuu au ARV, na watoto, hao wasifunge. Mtu mzima mmoja asiyefunga awe nao, simu yake ina chaji. Mkojo ukiwa rangi ya chai ya rangi, au mtu akianza kuchanganya maneno, mfungo wake umeisha: maji kidogo kidogo, kisha zahanati.

Kufungua ni uji mwepesi, nusu kikombe, kisha kingine baada ya saa moja. Ugali na nyama ni kesho yake. Na kama yupo aliyekwisha kufunga siku nyingi kwa siri, asilishwe nyumbani. Chakula kingi cha ghafla huvuruga madini ya damu, moyo ukaweza kusimama, kwa hiyo apelekwe hospitali alishwe kwa vipimo.